Saa Nane, Kimya

Kikundi chetu hakina ofisi.
Kina tochi tatu, moja haiwaki mpaka uipige pajani,
kaunta buku yenye jalada la plastiki,
na mchango wa shilingi elfu kwa mwezi
ambao Makame Shaame anadaiwa tangu Mfunguo Pili.

Mkutano wa kwanza tulikuja kumi na wanne.
Tuliposema ndege mwenyewe ni bundi
tukabaki saba,
na wa saba alikuwa anasubiri mvua ipite.

Kwetu bundi hatajwi baada ya magharibi.
Akilia juu ya paa, chumvi hutupwa motoni,
watu huulizana nani mgonjwa,
na asipokuwepo mgonjwa, atatafutwa.

Basi tukaanza. Ngezi, njia ya mchanga,
usiku wa Jumatatu na wa Alhamisi.
Bizume hushika saa, mimi naandika.
Unasimama chini ya mjoho, unabana pumzi,
mbu anakunywa, humpigi,
halafu, mbali: hu.
Moja tu. Kama mtu anayeitika
bila kujua nani kamwita.
Kisha jike, juu kidogo: hu.
Naandika: saa tatu na robo, wawili, upande wa kibla.

Baba aliniuliza barazani:
— Wendapi na biro usiku huu?
— Kuhesabu bundi.
— Na yeye akikuhesabu wewe?
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na buti za kuazima.

Skuli walitupa kipindi cha mwisho,
wakati matumbo yanawaza wali.
Riziki akamchora ubaoni: macho ya manjano,
rangi ya karafuu iliyokauka,
urefu wa biro moja na kidole.
Hivi tu? wakasema watoto. Huyu ndiye anayeua?
Khatibu, manati shingoni kama hirizi, akauliza:
"Mwalimu, akilia mara mbili, wanakufa wawili?"
Darasa zima likacheka. Riziki hakucheka.
Akaniambia, lete buku.

Tukapiga mstari mpya katikati.
Kushoto, sauti. Kulia, mazishi,
kwa idhini ya maalim wa msikiti,
ajuaye kila sanda iliyokatwa.
Mwaka mzima.
Sauti elfu mbili mia tatu na sita.
Maiti tisa: mmoja pikipiki, mmoja uzazi,
watano uzee, wawili Mungu mjuzi.
Khatibu aligawa mwenyewe, akapata desimali isiyokwisha,
akavunja chaki kwa hasira:
"Sasa siku nyengine zote alikuwa akimlilia nani?"
"Mkewe," alisema Riziki.
Kengele ikalia.

Manati bado anayo. Sikumwomba.
Najua kwao tumbili wanavyong'oa mihogo.
Na Kombo Faki hajaukata mkarafuu wake uliooza tumbo,
wenye shimo, wenye mayai.
Si kwa ajili yenu, anasema,
mpini wa shoka umelegea.
Mwaka wa pili sasa umelegea.

Baba alifariki usiku usiokuwa wa zamu.
Ndani wanasoma Yasini. Nilitoka nikakaa ukumbini,
nikatega sikio upande wa msitu
kama nitegavyo siku zote,
na nitasema kweli: safari hii nilitaka alie.
Nilitaka awepo aliyejua kabla yetu.
Umande ulidondoka juu ya bati.
Mjusi akagonga ulimi ukutani.
Bundi, wala.

Nikaifungua buku.
Safu ya kulia niliandika jina lake lote,
kwa mwandiko alionifundisha yeye.
Safu ya kushoto:
saa nane, kimya.